Ufa wa Nyumba: Ushauri Huru Kabla ya Kulipia Ukarabati wa Msingi

Kila mwaka, wiki chache baada ya mvua kukatika, nyumba nyingi zilizojengwa kwenye udongo mzito huanza kuonyesha nyufa. Ufa huanzia kwenye kona ya dirisha, hupanda kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, na baada ya mwezi mmoja mlango wa chumba cha pili hugoma kufunga. Mwenye nyumba humwita fundi. Fundi hutazama, hugonga ukuta kwa kipande cha nondo, kisha hutoa hukumu: msingi umekwenda, nyumba yote ichimbwe pembeni na kuzungushiwa zege la nondo. Makadirio huandikwa papo hapo kwenye karatasi ya daftari, na nusu ya fedha hutakiwa kabla ya mwisho wa wiki ili saruji inunuliwe bei ikiwa haijapanda.

Fedha inayotolewa katika hali hiyo mara nyingi haipatikani mara mbili. Ni kiinua mgongo cha mstaafu, au mauzo ya mazao ya msimu mzima, au mkopo wa kikundi ambao marejesho yake yataanza mwezi ujao bila kujali kama ukuta umepona. Makala haya yanaeleza kwa nini fedha ya kwanza kulipwa ingepaswa kuwa ya uchunguzi, si ya zege, na kwa nini mchunguzi huyo asiwe yule atakayefanya kazi ya ukarabati.

Kuna methali ambayo kila mwenye nyumba huisikia kwa majirani mara ufa unapoonekana: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa tabia za watu methali hiyo haina kasoro. Kwa kuta zenyewe, hata hivyo, imewaharakisha wengi. Ufa ni dalili, na kuuziba kabla ya kujua umetokana na nini ni sawa na kumpa mgonjwa dawa ya homa bila kupima damu. Ufa uliozibwa kwa saruji wakati wa kiangazi, udongo ukiwa umesinyaa, huwa na tatizo jingine: mvua zikirudi udongo huvimba, pande mbili za ukuta hutaka kukutana tena, na saruji ngumu iliyojazwa katikati huzizuia. Ukuta hutafuta mahali pengine pa kupasukia.

Haisemwi hapa kwamba mafundi ni wadanganyifu. Wapo waaminifu wengi, na baadhi yao wana uzoefu ambao mhandisi kijana hana budi kuuheshimu. Tatizo liko katika mpangilio wenyewe wa jambo. Anayepata riziki kwa kuchimba misingi akiitwa kutazama ufa bila malipo, atalipwa tu ikiwa jibu ni kuchimba msingi. Jibu la "funga mfereji wa paa, kisha subiri miezi sita" halimwingizii chochote. Hata fundi mwenye nia njema huona zaidi kile anachokijua, na aliyezoea zege huona mahali pa kumwaga zege. Ndiyo sababu katika miradi ya umma anayesanifu na kusimamia kazi huwekwa mbali na anayeitekeleza. Nyumba ya mwananchi inastahili utaratibu huohuo, ingawa kwa kiwango kidogo na gharama ndogo.

Ili kuelewa kwa nini uchunguzi una thamani, ni vyema kuutazama udongo wenyewe. Sehemu kubwa ya mabonde na tambarare za Tanzania ina udongo mweusi au wa kijivu wa mfinyanzi ambao wakulima huuita udongo wa mbuga. Unapatikana Shinyanga na Simiyu, unapatikana Dodoma, na katika maeneo ya Kibaha mkoani Pwani umewahi kuchunguzwa na watafiti kwa sababu ya nyumba zilizopasuka. Tasnifu moja ya uhandisi kuhusu majengo ya huko ilikamilishwa mwaka 2008 katika chuo kikuu cha KTH mjini Stockholm. Udongo huu hunyonya maji na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Kila aliyepita shambani mwezi Septemba ameiona mipasuko yake, mingine ikiweza kumeza mguu wa mbuzi. Kinachotokea shambani hutokea pia chini ya nyumba, isipokuwa chini ya nyumba hakitokei sawasawa kila mahali.

Udongo ulio katikati, chini ya sakafu, hukingwa na jua na mvua, hivyo unyevu wake hubadilika kidogo. Ule wa kandoni, chini ya kuta za nje na hasa chini ya kona, hulowa na kukauka kila msimu. Masika kingo za nyumba huinuliwa, kiangazi hushuka. Msingi wa kina kifupi hauna uwezo wa kupinga mwendo huo, na ukuta wa matofali, ambao ni mgumu lakini haupendi kupindwa, hupasuka pale ulipo dhaifu: kwenye kona za madirisha na milango.

Maji ya binadamu huongeza makali ya jambo hili. Paa lenye eneo la mita za mraba 100 likinyeshewa mvua ya milimita 30, humwaga lita 3,000 za maji. Pasipo mifereji ya paa, maji hayo yote huangukia mstari mmoja mwembamba ulio kando ya msingi, na mara nyingi hutuama upande ambao kiwanja kimeinamia. Shimo la maji taka lililochimbwa mita mbili tu kutoka ukutani hufanya kazi hiyo usiku na mchana, masika na kiangazi. Bomba linalovuja chini ya sakafu ya bafu hufanya vivyo hivyo, na huenda likagunduliwa tu pale ankara ya maji inapoanza kupanda. Kinyume chake, mti mkubwa uliopandwa karibu na nyumba hufyonza maji na kuukausha udongo upande mmoja. Ushauri wa haraka wa kuukata mti huo nao una hatari yake: kwenye udongo wa mfinyanzi, mti mkubwa ukiondolewa ghafla, udongo ulioukausha kwa miaka mingi huanza kurudisha maji na kuvimba, na nyumba iliyokuwa imetulia huinuliwa.

Mhandisi anayejua kazi yake, kwa hiyo, hatazami ukuta peke yake. Huanza kwa kuizunguka nyumba, akitazama maji yanatoka wapi na kwenda wapi.

Halafu kuna nyufa zisizohusiana na msingi hata kidogo, nazo si chache. Nyufa nyembamba kama uzi zilizosambaa juu ya lipu mithili ya ramani hutokana na lipu kukauka upesi au kuchanganywa saruji nyingi kupita kiasi. Ufa ulionyooka kwa mlalo juu ya madirisha, kufuata lenta, huweza kumaanisha kwamba nondo zilizofunikwa kwa zege jembamba zimeshika kutu na kuvimba. Hilo huonekana sana karibu na bahari. Ufa ulio chini kidogo ya paa huweza kusababishwa na kenchi zinazosukuma kuta nje. Lipu inayomenyuka sentimita chache juu ya sakafu, ikiacha unga mweupe, ni kazi ya unyevu na chumvi zinazopanda ukutani. Na pale ambapo chumba kipya kimeunganishwa na nyumba ya zamani, ufa wa wima kwenye kiungo ni jambo la kutarajiwa, kwa kuwa nyumba ya zamani ilikwisha kutulia wakati chumba kipya kilikuwa bado kinajikalia. Hakuna hata moja kati ya hizi itakayopona kwa kuchimbua msingi.

Zipo pia sababu zilizo chini ya ardhi lakini zisizohitaji nyumba nzima kuchimbwa. Kona moja inayodidimia peke yake yaweza kuwa imekaa juu ya choo cha zamani kilichofukiwa, shimo la taka, kifusi kisichoshindiliwa, au kichuguu kilichosawazishwa juu juu huku mashimo yake yakiachwa chini. Wazee wa kitongoji mara nyingi hukumbuka kilichokuwapo kiwanjani kabla ya nyumba. Kuwauliza hakugharimu chochote, na inashangaza ni mara chache kiasi gani jambo hilo hufanyika.

Kabla hata ya mtaalamu kufika, mwenye nyumba anaweza kufanya kazi moja ambayo itapunguza gharama za uchunguzi: kuupima ufa. Kwa kila upande wa ufa huchorwa alama ndogo ya penseli au kupigiliwa msumari mwembamba, na umbali kati ya alama hizo hupimwa kwa rula mara moja kwa mwezi. Upana wa ufa wenyewe hupimwa juu, katikati na chini. Vipimo huandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe na hali ya mvua, na picha hupigwa kwa simu huku rula ikiwa imewekwa kando ya ufa. Baadhi ya mafundi wa zamani hubandika kipande cha kioo chembamba juu ya ufa kwa saruji. Kioo kikivunjika, ufa umesogea. Njia hiyo hujibu ndiyo au hapana, lakini haisemi ufa umesogea kiasi gani wala kuelekea upande gani, hivyo alama na rula ni bora zaidi.

Daftari la miezi sita hadi kumi na miwili, likiwa na masika na kiangazi ndani yake, ni ushahidi ambao hakuna mtaalamu anayeweza kuupata kwa ziara ya siku moja. Ufa unaofunguka kiangazi na kufunga masika unazungumzia udongo unaovimba na kusinyaa. Ufa unaopanuka mwezi hadi mwezi bila kurudi unazungumzia ardhi inayodidimia. Ufa usiobadilika kabisa huenda ulitokea miaka mingi iliyopita, nyumba ikajikalia, na kilichobaki ni kuuziba na kupaka rangi. Umbo lake pia husema: ufa ulio mpana juu na mwembamba chini mara nyingi huonyesha kwamba mwisho wa nyumba unashuka, na ulio mpana chini huonyesha kwamba katikati ndiko kunakoshuka.

Kuhusu upana, wahandisi wengi hufuata mgawanyo uliotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Majengo ya Uingereza. Ufa usiofika milimita 1 huhesabiwa kuwa wa urembo tu. Hadi milimita 5 ni mdogo, ingawa huenda ukaingiza mvua na kufanya milango ikwame kidogo. Kati ya milimita 5 na 15 ni wa wastani. Penseli ya kawaida, yenye unene wa takriban milimita 7, huingia humo. Milimita 15 hadi 25 ni mkubwa na kwa kawaida huhitaji sehemu ya ukuta kujengwa upya. Zaidi ya milimita 25 nyumba huweza kuwa hatarini. Mgawanyo huo unahusu ukubwa wa madhara yaliyokwisha kutokea na haukutaja chanzo, hivyo ufa mdogo unaopanuka unaweza kuhitaji kushughulikiwa kabla ya mkubwa uliotulia.

Mtaalamu anayefaa ni mhandisi wa ujenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo ipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1997. Mhandisi aliyesajiliwa ana namba ya usajili na muhuri, na jina lake linaweza kuthibitishwa kwenye Bodi. Anayekataa kutaja namba yake amejibu swali tayari. Ikiwezekana, atafutwe mwenye uzoefu wa udongo na misingi, kwa kuwa uhandisi una matawi mengi na aliyebobea kwenye barabara za lami si lazima awe mjuzi wa nyumba za kuishi.

Usajili pekee hautoshi kumfanya mtu awe huru. Mhandisi anayefika akiwa ameongozana na mkandarasi wake, au anayeletwa na fundi aliyekwisha kutoa makadirio, bado anauza kazi, ingawa kwa mkono mwingine. Vivyo hivyo anayetoza ada ndogo mno huku akitarajia asilimia kutoka kwa atakayepewa kazi, au kutoka duka la vifaa. Mwenye nyumba ana haki ya kumtaka atamke kwa maandishi kwamba hatashiriki ukarabati wala kupokea chochote kutoka kwa mtekelezaji. Ada yake ikubaliwe kabla ya kazi, na isitegemee jibu atakalotoa. Kwa nyumba za jirani zilizo kwenye udongo mmoja na zenye matatizo yanayofanana, kaya mbili au tatu zinaweza kumwita mhandisi mmoja siku moja na kugawana nauli na gharama za maabara.

Hadidu za rejea hazihitaji lugha ngumu. Mhandisi aulizwe chanzo cha ufa ni nini, ameufikia uamuzi huo kwa ushahidi gani, nini kitatokea iwapo hakitafanyika kitu kwa mwaka mmoja, na ipi ni hatua ya gharama ndogo zaidi inayoweza kutosha. Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa, na ndilo linaloweza kuokoa fedha nyingi kuliko yote. Katika uchunguzi wa kweli kwa kawaida huchimbwa shimo moja au mawili kando ya msingi, ili kina chake, unene wake na udongo ulio chini yake vionekane kwa macho. Ikiwa udongo unashukiwa kuwa wa kuvimba, sampuli hupelekwa maabara kupimwa. Hukumu juu ya msingi iliyotolewa bila mtu yeyote kuuona msingi ichukuliwe kwa uzito unaoistahili. Majibu yatolewe kwa ripoti yenye tarehe, sahihi na muhuri, hata ikiwa ni ya kurasa mbili.

Ofisi ya Mhandisi wa Halmashauri haichukui nafasi ya mshauri huyo, kwa kuwa majukumu yake ni ya umma. Hata hivyo mwananchi anaweza kuiuliza juu ya utaratibu wa vibali, na juu ya hali ya udongo wa eneo lake kwa kadiri inavyojulikana kutokana na ujenzi wa shule, zahanati na barabara za karibu. Mtumishi wa umma atakayedai malipo binafsi ili kutoa maelezo hayo aripotiwe.

Mara nyingi ripoti huleta majibu ambayo hayana fahari. Mifereji ya paa ifungwe na maji yapelekwe mbali. Ardhi inayoizunguka nyumba isawazishwe ili iiname kuelekea nje. Sakafu ya zege yenye upana wa mita moja au zaidi iwekwe kuzunguka kuta ili udongo wa kandoni usilowe na kukauka kupita kiasi. Bomba litengenezwe, shimo la maji taka lihamishwe. Baada ya hapo nyumba huachwa ipite msimu mmoja au miwili kabla ya kuziba nyufa. Wapo wanaohisi kwamba wamelipa ada ya mhandisi kwa ushauri ambao wangeweza kuutoa wenyewe. Walicholipia ni uhakika kwamba kazi kubwa haikuhitajika.

Pale ambapo kuimarisha msingi kunahitajika kweli, ripoti huwa muhimu zaidi. Kuchimba chini ya msingi uliobeba ukuta ni miongoni mwa kazi za hatari katika ujenzi wa nyumba. Hufanywa kwa vipande vifupi vya takriban mita moja, kwa kuachanisha, na kipande kinachofuata hakifunguliwi hadi zege la kile cha kwanza limekomaa na kushika ukuta. Fundi anayefungua upande mzima kwa siku moja ili kazi iishe haraka anawaweka vibarua wake chini ya ukuta usioshikiliwa na chochote. Kuimarisha upande mmoja tu bila hesabu nako kuna madhara: upande huo hukaa imara kwenye udongo wa chini huku uliobaki ukiendelea kupanda na kushuka na misimu, na ufa mpya hutokea pale vinapokutana. Mkandarasi wa kazi hiyo awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, apewe michoro ya mhandisi, na alipwe kwa hatua zilizokaguliwa. Kianzio kisizidi mahitaji ya vifaa vya hatua ya kwanza. Sehemu ya mwisho ya malipo ibakizwe hadi masika moja ipite.

Kuna hali ambazo hazingoji daftari wala mhandisi wa kuchagua. Ukuta ukiinama kiasi cha kuonekana kwa macho au kwa timazi, ufa ukipanuka ndani ya siku chache, lenta ikikatika, sauti za kupasuka zikisikika usiku, au ardhi ikifunguka kando ya nyumba baada ya mvua kubwa, watu watoke kwanza, na chumba kilicho hatarini kisilaliwe. Taarifa ipelekwe siku hiyohiyo kwa Mtendaji wa Kijiji, ambaye ataifikisha Halmashauri ili jengo likaguliwe. Ukaguzi huo unahusu usalama wa watu na hautaji ni zege kiasi gani linunuliwe, hivyo uchunguzi wa chanzo utafanyika baadaye, watu wakiwa mahali salama.

Wapangaji nao wamo katika jambo hili. Anayeona ufa unakua kwenye nyumba aliyopanga amjulishe mwenye nyumba kwa maandishi, akitaja tarehe na vipimo. Na anayetaka kununua nyumba iliyokwisha kujengwa aombe kuiona ripoti ya mhandisi kama ipo. Ikiwa kuta zimepakwa rangi mpya mwezi uleule ilipotangazwa kuuzwa, amlipe mhandisi wake mwenyewe kabla ya kutia sahihi mkataba.